Uzi: Nataka msimbo chanzo wa Linux wote ukae kwenye seva ya chuo, git clone inakatika. Nani amewahi kufanya?

#1 Fundi_Mbalizi
Habari wakuu. Nasimamia maabara ya kompyuta kwenye chuo kimoja hapa Mbeya. Muhula ujao wanafunzi wanaanza somo la mifumo endeshi, na sitaki waishie kuchora maboksi ubaoni. Nataka kila mmoja aushike msimbo wa kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe, aubadilishe, aujenge, auwashe aone kilichotokea.

Laini ya intaneti ni moja na inagawanywa na ofisi zote. Kila mwanafunzi akijipakulia peke yake, hata mhasibu hatafungua barua pepe. Kwa hiyo seva ya maabara ishike hazina nzima (msimbo na historia yake), wao wavute kutoka humo kwa waya wa ndani.

Shida: git clone (amri ya kunakili hazina) kutoka kernel.org, tovuti ya kerneli ya Linux, haifiki mwisho. Inakwenda vizuri, katikati inakata na "early EOF", kisha "index-pack failed". Nikirudia inaanza sifuri. Je, kuna njia? Na kuna kioo chochote huku kwetu, yaani seva ya nakala, chenye msimbo huu?

#2 Bubu_Ataka_Kusema
Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Kobe_wa_Kilwa
Rahisi sana mkuu. Weka http.postBuffer iwe megabaiti 500, rudia. Mimi ilikubali palepale.

#4 Dada_Terminali
#3, hapana. http.postBuffer inahusu data unayoisukuma kwenda kwenye seva. Unapovuta haihusiki. Ushauri huo umezagaa kila kona na watu wanaurithishana bila kusoma maelezo ya git. Kama ilikubali, basi laini yako ilitulia wakati huo.

Fundi, git haina namna ya kuendelea pale clone ilipoishia. Muunganisho ukikatika, kilichoshuka kinatupwa. Ndiyo maana hazina kubwa kama ya Linux inawatesa watu wenye laini ya kuyumba. Nitarudi na njia nikitoka kazini.

#5 Kamba_Nane
Nafanya kazi ya mitandao, nimeona hii mara nyingi. Mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, na kifaa chake kinaifuta miunganisho kikiona imekaa kimya. Seva ya git inapokokotoa cha kukutumia kuna muda haileti kitu, kifaa kinadhani umeondoka. Jaribu usiku wa manane kama itafika.

#6 Mnyalu_wa_Ifunda
Mimi nasema ni RAM. Hazina ya Linux ina mamilioni ya vitu, na index-pack inapoanza kuvifumua inakula kumbukumbu. Seva ya kizamani ikiishiwa, kerneli inaua mchakato, wewe unasingizia laini. Andika dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, uangalie kama kuna neno "Out of memory".

#7 Fundi_Mbalizi
Asanteni. RAM ni GB 4. Nimeangalia dmesg, hakuna kuuawa kwa mchakato. Usiku nilijaribu ikaenda mbali zaidi ya mchana, lakini haikumaliza. Kitu kingine: kati ya seva na nje kuna kifaa cha kuchuja mtandao cha ofisi ya TEHAMA. Huenda ndicho.

#8 Kamba_Nane
Kama kuna kichujio kinachofungua HTTPS na kukagua yaliyomo, usitafute mchawi mwingine. Vifaa hivyo vinataka kushika faili zima ndipo viliachie.

#9 Mnyalu_wa_Ifunda
Kungekuwa na kichujio cha hivyo isingeshuka hata kidogo. Yeye anasema inafika katikati. Bado nipo kwenye RAM, GB 4 na huduma nyingine juu yake ni kidogo.

#10 Dada_Terminali
Nimerudi. Chanzo chochote kiwe, pita hivi.

Git inaweza kufunga hazina nzima kwenye faili moja kwa amri ya git bundle. Kernel.org wenyewe wanaandaa faili hilo, linaitwa clone.bundle, na wameweka ukurasa wa maelezo kwa ajili ya watu wa laini mbovu. Kwa kuwa ni faili la kawaida, unalivuta kwa wget -c. Likikatika, amri ileile inaendelea pale lilipoishia. Ni gigabaiti kadhaa, liache usiku.

Likishuka:

git clone --mirror clone.bundle linux.git
cd linux.git
git remote set-url origin https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/torvalds/linux.git
git remote update --prune

Amri ya mwisho inaleta tofauti tu, yaani yaliyoingia tangu bundle iundwe. Ukiiweka kwenye cron (kipanga kazi cha seva) kila usiku, kioo chako kimekamilika.

#11 Bubu_Ataka_Kusema
Dada umeua. Hii naihifadhi.

#12 Chuma_Chakavu
Mnamsumbua bure mwalimu wa watu. Historia ya nini? Faili la tar (msimbo uliofungwa pamoja) la toleo moja ni megabaiti 130 na kitu. Unalishusha asubuhi, chai haijapoa wanafunzi wanalo. Au git clone --depth 1 apate komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho tu.

#13 Kobe_wa_Kilwa
Historia ina faida Chuma. Clone nzima inampa mwanafunzi kila mstari tangu Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aanze mwaka 1991. Anaona mfumo ulivyokua.

#14 Mzee_wa_Modemu
#13 sahihisha hapo. Hazina ya Linus inaanza Aprili 2005, toleo 2.6.12-rc2. Ya nyuma hayamo.

Sababu ni hii. Toka 2002 kerneli ilikuwa inatunzwa kwenye BitKeeper, programu ya kampuni binafsi ya kutunza historia ya msimbo, iliyotolewa bure kwa masharti. Andrew Tridgell akaanza kuchunguza namna inavyozungumza na seva yake ili aandike chombo huru. Mwenye kampuni akakasirika, ruhusa ya bure ikaondolewa 2005. Linus akaandika git, na aliamua kuanza upya bila kubeba historia. Miaka ya BitKeeper ipo kwenye hazina ya pembeni ya Thomas Gleixner, na unaweza kuiunganisha na hii kwa git replace. Matoleo ya kale kama 0.01 ya Septemba 1991 utayapata kama mafaili ya tar.

Na huyo Tridgell ndiye aliyeandika rsync (programu ya kusawazisha nakala kati ya seva) pamoja na Paul Mackerras mwaka 1996. Kwa hiyo rsync inayobeba vioo vya dunia nzima na git inayobeba msimbo zina mkono wa mtu mmoja, moja kwa kuiandika, nyingine kwa kuwa chanzo cha ugomvi.

#15 Bubu_Ataka_Kusema
Shikamoo mzee. Tupe basi enzi zenu mlikuwa mnapataje hivi vitu.

#16 Mzee_wa_Modemu
Marahaba. Tulivipata kwa subira na kwa kupeana.

Watu wa FreeBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, walikuwa na chombo kinaitwa CTM, kazi ya Poul-Henning Kamp. Mabadiliko ya msimbo yalikatwa vipande na kutumwa kwa barua pepe. Kama ofisi yako ilikuwa inapiga simu ya modemu mara moja kwa siku kuchukua barua, msimbo ulikuja humohumo. Unaviweka vipande kwa namba, ctm inavibandika juu ya nakala yako, unakuwa sawa na watu wa California. Waliofikiria chombo kile walijua kuna watu hawana laini ya kudumu, na hawakuwasahau. Mpaka leo nawaheshimu kwa hilo.

Msingi wenyewe, ule mzigo wa kwanza, ulikuja kwa CD. Walnut Creek CDROM walikuwa wanauza FreeBSD na Slackware (aina ya Linux). Mtu mmoja akisafiri Ulaya anarudi na diski, sisi tunanakili mpaka zinachubuka. OpenBSD, ndugu wa FreeBSD, waliendelea kuuza CD hadi toleo 6.0 la 2016. Na OpenBSD hao ndio walioanza kumruhusu mtu yeyote kusoma hazina yao ya CVS (chombo cha zamani cha kazi kama ya git) bila akaunti, mwaka 1995. Kabla ya hapo mradi ulikupa matoleo, kazi ya kila siku waliiona wenyewe ndani.

#17 Binti_Kilosa
Mzee umenikumbusha CD za Ubuntu (aina ya Linux) za mpango wa ShipIt, unaandika anwani ya sanduku la posta zinakuja bure! Shule yetu tulipata bahasha nzima. Walisitisha 2011.

#18 Chuma_Chakavu
CD za Ubuntu hazikuwa na msimbo chanzo dada, zilikuwa na programu zilizojengwa tayari. Msimbo ulikuwa unaufuata mtandaoni.

#19 Binti_Kilosa
Najua. Nimesema zimenikumbusha.

#20 NairobiRoot
Sasa nyinyi watu wa TZ, mbona hamuulizi jirani? KENET (mtandao wa vyuo Kenya) huku Nairobi wako na vioo vya Debian, aina nyingine ya Linux, na Ubuntu kitambo. Kwa Debian, msimbo wa kila kifurushi umo humohumo: weka mistari ya deb-src, halafu kwa apt (chombo cha kupakua vifurushi) andika apt source linux, utapata kerneli pamoja na viraka vyao. Lakini git ya Linus hawana, hiyo lazima uivute mwenyewe.

Na kama unataka kuwa na kioo chako cha Debian usikimbilie rsync moja tu ya kila kitu. Lazima iwe hatua mbili. Kwanza unaleta vifurushi vipya na msimbo; hatua ya pili unaleta mafaili ya orodha, kisha ndio unafuta vya zamani. Ukichanganya, orodha inataja kitu hakijafika na watumiaji wanapata "404 Not Found" au "Hash Sum mismatch". Debian wako na hati inaitwa ftpsync ya kazi hiyo. Watu wanaidharau wakijiandikia zao, halafu wanashinda wakilaumu mtandao.

#21 Fundi_Mbalizi
Asante ndugu. Kwa nini basi Tanzania vioo ni vichache na vingine vinaanza vinakufa?

#22 Kamba_Nane
Umeme na diski. Kioo cha Debian chenye aina zote za prosesa ni terabaiti kadhaa. Nani analipia diski zikifa?

#23 Dada_Terminali
Sikubali kuwa ni diski. Unaweza kuchagua amd64 (prosesa za kompyuta za kawaida) na msimbo chanzo tu, ukapunguza mzigo sana. Kinachoua kioo ni mtu. Kijana mmoja mwenye bidii anakianzisha, anapata kazi kwingine, cron inaendelea mpaka diski inajaa, hakuna wa kufungua hata nenosiri. Taasisi haikuwahi kukitambua kama kazi ya mtu.

#24 NairobiRoot
Mimi naona ni njia. Kama trafiki yenu ya ndani haipiti TIX (kituo cha kubadilishana trafiki) pale Dar, kioo kilicho mtaa wa pili kitakujia kupitia London. Utakiona ni polepole kuliko cha Ujerumani na utakiacha. Kisha mwenye kioo anaona hakuna watumiaji, anakizima.

#25 Pweza_wa_Malindi
Hodi humu. Mmesahau Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, Tanzania tukaumia sana. Hapa Unguja ofisini kwetu tulikuwa katikati ya kujenga seva ya mteja, apt haigusi kitu. Aliyekuwa na nakala ndani ya nyumba aliendelea na kazi. Tangu hapo sisi tunaweka ndani kila tunachokitegemea, pamoja na msimbo wake. Hatukungoja kukubaliana nani wa kulaumiwa.

#26 Chuma_Chakavu
Sawa, nakala ndani. Sasa nani anawahakikishia kuwa nakala hiyo ni safi? Kioo cha chuo, mwanafunzi mtundu anaingia anaongeza mistari miwili, wote mnajenga kerneli yenye mlango wa nyuma.

#27 Mzee_wa_Modemu
Swali zuri, na liliwahi kutokea, tena kwenye kioo. Novemba 2003, wakati kerneli iko BitKeeper, kulikuwa na nakala ya CVS kwa wasiotaka BitKeeper. Mtu aliingia kwenye seva ile ya CVS akaongeza mistari miwili ndani ya wait4, sehemu moja ya kerneli. Ilionekana kama ukaguzi wa kawaida, lakini badala ya alama mbili za usawa aliweka moja: current->uid = 0. Yaani programu yoyote ikiita kwa vigezo fulani inageuka kuwa root (mwenye mamlaka yote). Larry McVoy wa BitKeeper ndiye aliyeona kuwa badiliko lile halina asili kwenye hazina mama. Halikufika kwenye toleo.

Kioo kilichezewa, na kulinganisha na mama ndiko kulikomuumbua.

#28 Dada_Terminali
Na git ilijengwa kwa kuzingatia hilo. Kila komiti inabeba muhtasari wa hash (namba inayokokotolewa kutokana na data) wa yaliyomo na wa komiti iliyotangulia. Ukibadili herufi moja ya 2009, namba zote za mbele zinabadilika. Agosti 2011 kernel.org yenyewe ilivamiwa, tovuti ikafungwa wiki kadhaa, Linus akahamia GitHub kwa muda. Maelfu ya watu walikuwa na nakala kamili majumbani, kwa hiyo kuuchafua msimbo kimyakimya isingewezekana. Kila clone ni shahidi. Ndiyo sababu nyingine ya kuchukua historia nzima, Chuma.

#29 Chuma_Chakavu
Faili la tar nalo lina saini. Tofauti iko wapi?

#30 Dada_Terminali
Saini inakuambia nani kalitoa, haikuambii kama linafanana na hazina. Xz (programu ya kubana mafaili), Machi 2024: matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalisainiwa na mtunzaji halali, na kipande cha kuwasha mlango wa nyuma, faili la build-to-host.m4, kilikuwamo kwenye tar tu. Kwenye git hakikuwamo. Mhandisi Andres Freund aligundua kwa sababu ssh yake (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) ilichelewa takribani nusu sekunde.

#31 Kobe_wa_Kilwa
Lakini mafaili ya majaribio yenye sumu yenyewe yalikuwa kwenye git dada. Kwa hiyo git nayo haikuokoa.

#32 Dada_Terminali
Kweli, yalikuwamo, yamefichwa kama data mbovu ya majaribio. Bila kipande cha kwenye tar yasingefanya kazi.

#33 Chuma_Chakavu
Basi tuko sare. Mimi bado natumia tar. Ila anayehakiki tar ya kernel.org ajue saini inahusu faili la .tar lililofumuliwa, siyo lile la .xz. Wengi wanapata "BAD signature" wanapiga kelele. Fanya xz -cd faili.tar.xz | gpg --verify faili.tar.sign -

#34 Kasuku_Mweusi
Wakuu kuna jamaa ana msimbo wa Windows XP kwenye flashi. Mwalimu akitaka namuunganisha, wanafunzi wataona mfumo wanaoujua.

#35 Pweza_wa_Malindi
Yakhe usimpeleke mwalimu wa watu pabaya. Ule ulivuja Septemba 2020, hauna leseni. Mwanafunzi akiusoma leo, kesho akataka kuchangia ReactOS (mfumo huru unaoiga Windows) hawampokei, maana wao wanakataa mtu aliyeona msimbo uliovuja. Kama anataka kitu cha Microsoft, MS-DOS 4.0 waliitoa wenyewe Aprili 2024 kwa leseni ya MIT. Halali kabisa.

#36 Binti_Kilosa
Na mimi nina kesi. Simu yangu nataka kerneli yake nijenge mwenyewe. Niliwaandikia watengenezaji, hawajibu. Android si ni GPL (leseni inayotaka msimbo utolewe)? Wananinyima haki yangu.

#37 Kamba_Nane
Android kwa sehemu kubwa ni leseni ya Apache 2.0, hawalazimiki kukupa mabadiliko yao. Kerneli ndiyo GPL toleo la 2, hapo unayo haki. Leseni inataka msimbo uambatane na bidhaa, au waweke ahadi ya maandishi inayodumu miaka mitatu angalau. Tafuta kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya taarifa za kisheria, mara nyingi ahadi imefichwa humo. Ukiwaandikia tena, taja kerneli na namba ya toleo lililo kwenye simu, usiseme Android.

#38 Binti_Kilosa
Nimeiona ahadi kweli, kuna anwani ya posta tu. Naandika barua.

#39 Mnyalu_wa_Ifunda
Turudi kwa Fundi. Mkuu, wanafunzi wa mwanzo utawapa mistari zaidi ya milioni 30? Kuna xv6 ya MIT, mfumo mdogo wa kufundishia, mistari elfu chache tu, imeandikwa upya kwa kufuata Unix toleo la 6. Hazina yake inashuka hata kwa simu. Waanze hapo.

#40 Fundi_Mbalizi
Xv6 nitaitumia wiki za kwanza, umenena. Ila Linux lazima waifikie. Ndiyo iko kwenye seva za benki, kwenye ruta, kwenye simu zao. Nataka kijana wa hapa Mbeya aweze kusema "hili nililisoma lenyewe", asiishie kusimuliwa.

Taarifa: clone.bundle imeshuka, ilikatika mara kadhaa na wget -c ikaendelea. Clone ya ndani imepita kwenye seva ileile ya GB 4. git fsck (ukaguzi wa hazina) inaendelea.

#41 Kamba_Nane
Umeona? Clone imepita kwenye RAM ileile. Kumbe ni mtandao.

#42 Mnyalu_wa_Ifunda
Haijathibitisha. Ulizima huduma nyingine, Fundi?

#43 Fundi_Mbalizi
Niliwasha seva upya kabla ya kuanza, kwa hiyo baadhi hazikuwa juu. Halafu jana nilijaribu git clone ya kawaida nyumbani, kompyuta nyingine, kwa intaneti ya simu. Nayo ilikata.

#44 Kamba_Nane
Basi siyo kichujio cha TEHAMA. Ni kule kwa mtoa huduma kama nilivyosema mwanzo.

#45 Chuma_Chakavu
Watoa huduma wawili tofauti wana ugonjwa mmoja?

#46 Kamba_Nane
Wanaweza. Wote wanaweka wateja nyuma ya anwani moja.

#47 NairobiRoot
Fundi, kabla hujawafungulia wanafunzi: endesha git daemon (huduma ya kugawa hazina) kwa --export-all na --base-path ikielekea folda ya vioo, itasikiliza mlango 9418. Haina nenosiri wala usimbaji, kwa hiyo ibaki kwenye mtandao wa ndani tu. Na usiwashe receive-pack, hakuna haja ya mtu kusukuma kitu kwenye kioo. Wenye kompyuta za maabara zenye diski ndogo waambie wavute kwa --depth 1 kutoka kwako.

#48 Dada_Terminali
Nyongeza: --mirror pamoja na --prune maana yake tawi likifutwa kule, na kwako linafutika. Kwa hazina ya Linus siyo hatari kubwa, kwa miradi midogo ni hatari. Weka nakala ya pili inayofanya fetch bila prune, hata mara moja kwa mwezi. Na ukianza kuwa na hazina nyingi za kernel.org, acha cron ya kila moja, tumia grokmirror. Wameiandika wao, inasoma orodha moja na kugusa zilizobadilika tu.

#49 Pweza_wa_Malindi
Fundi, sisi Unguja tunataka hiyo bundle. Tuna mtu anapanda Mbeya wiki ijayo, nikutumie diski?

#50 Fundi_Mbalizi
Mtume. Awe na diski ya GB 64 kwenda juu, nitamwekea na linux-stable (hazina ya matoleo thabiti) pia, na FreeBSD src. Ajue tu ofisi inafungwa saa tisa na nusu.

#51 Bubu_Ataka_Kusema
Na mimi niko Songwe hapo jirani. Naweza kuja na flashi?